Kupaka vanishi laini kwenye mbao bila mashine ya kupulizia

Meza iliyoungwa vizuri inaweza kukataliwa sokoni kwa sababu moja tu: mnunuzi akipitisha kiganja juu yake, inakwaruza. Mnunuzi haoni viungo vya ndani wala hajui ulichagua mbao gani. Anaona mng'ao na anagusa uso. Hapo ndipo bei inapopanda au kushuka.

Katika kambi na makazi ya wakimbizi, mafundi wengi hufanyia kazi nje, chini ya turubai au kivuli cha mti. Kuna vumbi, upepo na mvua, na wachache tu wana kompresa ya kupulizia. Hata hivyo, uso laini unawezekana kwa brashi au kwa kitambaa cha pamba. Makala hii inaeleza hatua zote, pamoja na tahadhari za moto na sumu, kwa mafundi wakimbizi na wenyeji, wanafunzi wa useremala, na yeyote anayetaka kutengeneza upya samani za nyumbani kwake.

Jambo moja la kushika kabla ya yote: ulaini hautoki ndani ya kopo. Unatoka kwenye msasa, usafi na vanishi nyembamba. Vanishi haifichi kasoro ya mbao, inaianika.

Aina za vanishi na ipi ununue

Vanishi ni utando mgumu unaopitisha mwanga, unaokauka juu ya mbao na kuikinga na maji, uchafu na mikwaruzo. Fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa, kama wengi waliotoka Kongo na Burundi, huijua kwa jina la verni. Dukani utakuta aina tatu kuu:

- Vanishi ya mafuta, pamoja na ile ya poliurethani. Hukauka polepole, kwa saa nyingi au usiku kucha. Huzimuliwa kwa tapentaini. Hii ndiyo rahisi zaidi kwa anayetumia brashi au kitambaa.
- Laka ya nitroselulosi. Hukauka kwa dakika chache na huzimuliwa kwa thina. Kwa kawaida hutanguliwa na sila, yaani dawa ya kuziba vitundu vya mbao. Hufaa zaidi kwa kupulizia, kwa sababu brashi huacha alama kabla hujarudi mara ya pili. Huwaka moto kwa urahisi sana.
- Vanishi ya maji. Huzimuliwa kwa maji na harufu yake si kali. Hufaa pale watu wanapolala karibu na sehemu ya kazi, lakini si maduka yote huiuza.

Uliza pia kama vanishi ni ya ndani au ya nje. Mlango au dirisha linalopigwa na jua linahitaji vanishi ya nje. Ukipaka ya ndani, jua litaivunja na itaanza kubanduka, na mteja atakurudia.

Usipake laka yenye thina juu ya vanishi ya mafuta. Thina huilainisha vanishi ya chini, na uso wote hujikunja kama ngozi iliyoungua. Kama hujui samani ya zamani ilipakwa nini, jaribu kwanza sehemu iliyofichika.

Vifaa

- Msasa wa namba 80, 120, 180, 220 na 320. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi.
- Kipande cha mbao bapa cha kuzungushia msasa.
- Brashi safi ya nywele laini, upana wa inchi 2 au 3.
- Vitambaa vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi, kama fulana kuukuu. Vitambaa vipya huacha nyuzi.
- Kopo dogo la kumiminia vanishi na kitambaa chembamba cha kuichujia.
- Tapentaini, thina au maji, kulingana na aina ya vanishi.
- Tochi, hata ile ya simu.

Kama msasa ni ghali, tumia ule wa dukani kwa kazi nzito na uangalie kama mti wa msasa unaota jirani. Neno hili ni jina la mti wa jamii ya mkuyu ambao majani yake hukwaruza, na watu wameyatumia kulainishia vyombo vya mbao tangu zamani. Majani makavu yanafaa kwa kumalizia, hasa kwenye sehemu zenye michongo ambako karatasi haifiki.

Kuandaa mbao

Hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Ukiiruka, hakuna vanishi itakayokuokoa.

1. Hakikisha mbao ni kavu. Mbao mbichi hupungua na kupinda baada ya kupakwa, na unyevu unaotoka husukuma vanishi mpaka ibanduke. Njia rahisi ya kupima ni hii: kata kipande, kipime kwenye mizani ya dukani, na ukipime tena kila baada ya siku chache. Kikiacha kupungua uzito, mbao zako zimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Nunua mbao kwa muuzaji mwenye kibali na utunze stakabadhi. Miti inayokatwa ovyo jirani na makazi imeleta ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji.

2. Ziba mashimo. Changanya unga laini wa mbao hiyohiyo na gundi nyeupe kidogo, jaza shimo mpaka lizidi kidogo, acha ikauke, kisha piga msasa. Usiiache gundi isambae. Palipo na gundi vanishi haipenyi, na patabaki baka jeupe. Ili kuona gundi iliyojificha, futa uso kwa kitambaa chenye unyevu kidogo: mbao itageuka rangi, palipo na gundi patabaki vilevile.

3. Piga msasa kwa ngazi. Anza na namba 80 ikiwa alama za randa au msumeno zinaonekana, kisha 120, halafu 180. Usiruke namba. Kila msasa kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia, na namba 220 haiwezi kufuta mikwaruzo ya namba 80. Fuata nyuzi za mbao daima. Mkwaruzo unaokatiza nyuzi hauonekani mbao ikiwa kavu, lakini ukipaka vanishi utauona hata ukiwa mlangoni.

4. Simamisha nyuzi. Baada ya namba 180, futa mbao kwa kitambaa kilicholowa kidogo na uiache ikauke kabisa. Utaona imekuwa na manyoya tena. Piga msasa wa 220 kwa mkono mwepesi ukate manyoya hayo. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha uso wa hariri na uso unaokwaruza.

5. Lainisha kingo. Kona kali haishiki vanishi: huiacha iteleze, ikabaki nyembamba na kuchubuka upesi. Pitisha msasa mara mbili tatu ivunjike kidogo.

6. Ondoa vumbi. Futa kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, au maji kidogo kama vanishi ni ya maji. Kwa mbao zenye mafuta ya asili kama msaji, futa kwa thina au spiriti muda mfupi kabla ya kupaka, la sivyo vanishi ya mafuta itachelewa kukauka. Kuanzia hapo usiguse uso kwa mikono yenye jasho au mafuta.

7. Kagua kwa mwanga wa pembeni. Laza tochi karibu na uso wa mbao, mwanga upite juu yake. Kila mkwaruzo na kila bonde litatupa kivuli. Rekebisha sasa, maana baadaye ni kazi mara mbili.

Kuchagua mahali na saa

Usipige msasa na kupaka vanishi mahali pamoja kwa wakati mmoja. Vumbi la jirani yako litatua kwenye meza yako. Mafundi wanaotumia kibanda kimoja wapangiane zamu: msasa asubuhi upande mmoja, vanishi saa nyingine.

Maeneo makavu yenye upepo, kama Kakuma na Kalobeyei huko Turkana, adui ni vumbi. Chagua saa ambayo upepo umetulia na mwagia maji kidogo ardhini nusu saa kabla ya kuanza. Maeneo yenye mvua nyingi, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, adui ni unyevu. Hapo usipake jioni: umande utatua kwenye vanishi mbichi na kuua mng'ao. Subiri siku kavu, uanze jua likishapanda, ili kazi ishike kabla ya usiku.

Kokote uliko, paka kivulini. Jua likiipiga vanishi mbichi, juu hushika ngozi wakati chini bado ni majimaji. Samani iliyokuwa juani ihamishie kivulini saa moja kabla ya kuanza. Mbao inayopata joto husukuma hewa kutoka kwenye vitundu vyake, na hewa hiyo hutokea kama viputo.

Tengeneza pia kifuniko: fremu ya fito na shuka safi juu yake, isiyogusa kazi yako na yenye nafasi ya hewa kupita pembeni.

Kupaka kwa brashi

Koroga vanishi polepole kwa kijiti. Usilitikise kopo, kwa sababu utaingiza viputo. Chuja kiasi unachohitaji kwenye kopo dogo na ufunge kopo kubwa, ili vumbi la brashi lisiharibu vanishi yote.

Mkono wa kwanza uzimuliwe zaidi ya mingine. Maandishi ya kopo yakiruhusu, ongeza tapentaini sehemu moja kwa kila sehemu tisa za vanishi. Mkono huu huingia ndani ya mbao na kushika mizizi.

Chovya brashi mpaka theluthi ya nywele zake, ziguse ukuta wa kopo zidondoshe ziada, bila kuzikwangua ukingoni. Anza ndani kidogo ya ukingo wa meza na uvute kuelekea nje, ili vanishi isirundikane kwenye kona. Paka kwa kufuata nyuzi, kipande baada ya kipande, na kila kipande kipya kiguse kilichotangulia kabla hakijaanza kushika. Ukimaliza eneo, pitisha ncha za brashi kwa wepesi, mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho. Kisha acha. Kurudi kugusagusa vanishi iliyoanza kukauka ndiko kunakoacha michirizi.

Paka na upande wa chini wa meza, hata kama hauonekani. Ubao uliozibwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande mwingine na kupinda.

Kati ya mkono na mkono, acha ikauke kabisa. Kipimo ni msasa wa 320: ukisugua na ikatoka poda nyeupe, imekauka. Ikijiviringa na kunata kwenye msasa, subiri. Piga msasa kidogo tu, kiasi cha kuondoa vijipele, futa vumbi, kisha paka tena. Mikono mitatu inatosha kwa samani nyingi.

Kupaka kwa kitambaa

Kwa anayefanyia kazi kwenye vumbi, hii ndiyo njia bora. Changanya vanishi ya mafuta na tapentaini kiasi sawa kwa sawa. Kunja kitambaa cha pamba kiwe kama kidonge bapa, kichovye, kikamue kidogo, na ufute mbao kwa kufuata nyuzi kama unayepangusa meza baada ya chakula.

Utando huu ni mwembamba sana. Hauachi alama za brashi wala hautiririki kwenye miguu ya kiti, na kwa kuwa hushika mapema, vumbi hukosa muda wa kunasa. Gharama yake ni uvumilivu: utahitaji mikono mitano au sita kufikia kinga ya mikono mitatu ya brashi. Piga msasa wa 320 baada ya kila mikono miwili.

Kumalizia

Baada ya mkono wa mwisho, uso unaweza kuwa na vijichembe vichache vya vumbi. Usipake tena. Acha siku mbili au tatu, kisha sugua kwa kipande cha karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya dukani, iliyokunjwa. Ni laini kuliko msasa uliotumia. Huondoa chembe bila kuua mng'ao.

Kasoro na dawa yake

- Viputo: kopo lilitikiswa, au mbao ilikuwa ya moto. Acha ikauke, piga msasa, paka nyembamba zaidi.
- Matone na mitiririko: vanishi ilikuwa nyingi. Usiguse ikiwa mbichi. Ikikauka, kwangua kwa wembe uliolazwa, kisha piga msasa.
- Inanata siku baada ya siku: mbao ilikuwa na mafuta au unyevu, au vanishi ilipakwa nene. Iweke penye hewa kwa wiki moja. Isipokauka, ikwangue na kuanza upya.
- Weupe kama ukungu kwenye laka: unyevu wa hewa. Siku kavu, mkono mwembamba wa laka iliyoongezwa thina mara nyingi huuondoa.
- Vishimo vidogo vya duara: uso una mafuta au dawa ya kung'arishia samani. Piga msasa, safisha kwa tapentaini, rudia.
- Mabaka yasiyong'aa: mbao imenywa vanishi, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Ongeza mkono mmoja hapo.

Moto, sumu na watoto

Sehemu hii isomwe na kila mtu wa nyumba, si fundi peke yake.

Matambara yenye vanishi ya mafuta yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Mafuta hayo hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa, na kitendo hicho hutoa joto. Tambara likiwa limekunjwa au kutupwa kwenye rundo, joto hukosa pa kutokea, huongezeka, na saa chache baadaye moto huzuka. Katika makazi ambako nyumba za turubai na nyasi zimebanana, tambara moja linaweza kuunguza mtaa. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Thina na tapentaini hutoa mvuke unaoshika moto. Usipake karibu na jiko, taa ya mafuta au mtu anayevuta sigara. Mvuke huo pia huleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Barakoa ya kitambaa hupunguza vumbi, haizuii mvuke, kwa hiyo kinga yako ni hewa wazi. Usiache samani mbichi chumbani wanamolala watu. Wajawazito na watoto wakae mbali.

Usiweke kamwe thina au tapentaini kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto ataichukulia kuwa kinywaji. Akiinywa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu ikiingia kwenye mapafu ni hatari zaidi. Mpeleke kituo cha afya mara moja na uende na chupa yenyewe.

Vumbi la mbao nalo si la kudharau. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Funika pua na mdomo, na mgongo uelekee upepo unakotoka. Samani ya zamani yenye rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto: usiikwangue kavu wala karibu na watoto. Loweka kwanza, okota mabaki yote.

Mikononi, ondoa vanishi kwa mafuta ya kupikia kidogo kisha sabuni, si kwa thina. Mabaki yasimwagwe karibu na bomba, kisima au mtaro.

Kukadiria vanishi, siku na bei

Mafundi wengi hula hasara kwa kuhesabu mbao na misumari na kusahau umaliziaji. Chukua mfano wa meza yenye uso wa sentimita 120 kwa 60. Juu ni mita za mraba 0.72, chini 0.72 nyingine. Ukiongeza miguu na fremu unafika karibu 2.5. Mikono mitatu ni mita za mraba 7.5. Lita moja ya vanishi hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo meza hii itakula karibu robo tatu ya lita. Ongeza msasa na tapentaini, halafu ujira wako wa siku.

Siku zenyewe, kwa vanishi ya mafuta na brashi, ni hivi: siku ya kwanza msasa na kusimamisha nyuzi, ya pili hadi ya nne mkono mmoja kila siku, kisha siku tatu za kukauka kabla ya kusafirisha. Hiyo ni wiki nzima. Msimu wa mvua ongeza. Mweleze mteja hivyo unapopokea malipo ya awali, na muandikiane siku na kiasi. Ukiahidi siku tatu utalazimika kupakia meza mbichi kwenye pikipiki, na kamba itaacha alama ambayo utalipia wewe.

Unapokabidhi, mwambie mteja asiweke sufuria ya moto juu ya meza, na asitandike kitambaa cha plastiki kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, kwa sababu kitagandamana na vanishi. Mwambie pia mwezi wa kwanza aifute kwa kitambaa kikavu tu. Kisha mwachie apitishe kiganja juu yake kabla hajahesabu pesa.